Besi ya Baba Ilivyovuka Korongo

Wenzangu wa ofisini Dodoma wakisikia naenda likizo nyumbani, hunionea wivu. Wanadhani likizo ya mlimani ni kulala mpaka jua lipande, kunywa maziwa na kuutazama mlima Meru kutoka barazani. Hawamjui mama yangu. Nyumbani kwetu mtu mzima akiwa bado kitandani wakati ng'ombe wameshakamuliwa, anaulizwa kama aitiwe daktari.

Mwaka huu nilifika jioni, nikaingia sebuleni, na kitu cha kwanza kukiona kilikuwa ndoo. Ndoo ya maharage, imefunikwa kwa sinia, imewekwa kwenye kona nyuma ya mlango. Niliichukia papo hapo. Kona ile ilikuwa ya besi ya baba tangu nikiwa sijui kusoma.

Besi ndiyo tarumbeta kubwa kuliko yote katika bendi ya kanisa, lile la shaba linalomzunguka mpigaji mwilini na kutoa sauti nzito ya chini. Baba alikuwa akiisimamisha pale, mdomo wa besi ule mpana ukiwa chini, na kwa miaka mingi ukingo wake uliisugua sakafu nyekundu ya saruji mpaka ukaacha duara. Ndoo ya mama ilikuwa ndogo kuliko duara lile. Ilikaa katikati yake kama mtoto aliyekalia kiti cha mwalimu mkuu.

Nilijua besi ilikokwenda. Masika yaliyopita baba alishikwa na nimonia, akalazwa, akawekewa oksijeni, na sisi watoto tukapokezana kusafiri kuja kumuuguza. Aliporudi nyumbani alikuwa akipumzika njiani kutoka kitandani hadi mlangoni. Bendi nayo haiwezi kusubiri mapafu ya mtu mmoja, maana huku kwetu harusi isiyo na matarumbeta watu huizungumzia kwa kunong'ona, kana kwamba kuna jambo limefichwa. Wanabendi walikuja kwa heshima, wakasali, wakanywa chai, wakaondoka na besi. Wakampa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Ngaramtoni aliyeoa huku kwetu, mwenye kifua kipana na tabia njema. Sikuwa na sababu yoyote ya kumchukia, ila nilimchukia kidogo.

Daktari alikuwa amemwambia baba atembee kila asubuhi, polepole, akiongeza mwendo kadiri anavyopata nguvu. Mama akanikabidhi mimi kazi ya kumsindikiza, na likizo yangu ikaishia hapo. Mwanzoni tulifika kwenye mfereji tu na kurudi. Baadaye tukaupita mfereji, tukapita kahawa ya majirani, tukapita migomba ya mwisho, hadi kwenye mpaka ambapo mashamba ya watu yanakoma na msitu wa hifadhi unaanza. Mgonjwa alikuwa baba, lakini aliyehema nilikuwa mimi. Kazi yangu ni ya kukaa, na mwili wangu umeizoea. Baba akisimama kunisubiri alijifanya anakagua kahawa ya watu.

"Pumzika, mama," alikuwa akiniambia kwa upole wa kuudhi. "Mlima hauhami."

Basi tukafika Jumapili iliyofungua wiki ya mwisho ya likizo yangu. Baada ya ibada kwetu hakuna anayeondoka, kwa sababu nje ya kanisa kunakuwa na mnada wa sadaka. Asiye na fedha huleta mkungu wa ndizi, mwingine kuku, mwingine mayai au chupa ya maziwa, na vyote vinauzwa pale pale kwa kelele na vicheko. Matangazo yanayotakiwa kusikiwa na kila mtu hutolewa wakati huo, kabla jogoo mkubwa hajanunuliwa.

Siku hiyo alisimama mwalimu wa bendi. Huyu ni mwanafunzi wa baba. Baba ndiye aliyemfundisha kushika chombo alipokuwa kijana, na mimi namwita baba mdogo. Hatembei bila tarumbeta lake dogo kwapani. Mkewe anasema hata shambani huenda nalo. Jumamosi iliyokuwa inakuja alikuwa anamwoza binti yake mjini Arusha, na bendi yetu yote ilikuwa inashuka kwenda kupiga. Akatangaza kwamba bendi, kwa kutambua utumishi wa baba, imemfanya mlezi wake. Siku ya harusi, akasema, mlezi atawekewa kiti maalumu juu ya pikapu, katikati ya wapigaji, kiti chenye kitambaa cheupe na utepe wa zambarau, na soda yake itakuwepo.

Watu wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja wa kanisa akamnunulia baba kuku.

Kila aliyeishi nchi hii anajua maana ya kufanywa mlezi. Mwenyekiti aliyechoka hufanywa mlezi. Kocha aliyeshindwa kupanda basi la timu hufanywa mlezi. Ndiyo njia yetu ya kumweka mtu pembeni bila kumgombeza: tunampa cheo, kiti na soda. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale, na hilo ndilo lililouma. Baba alisimama, akashukuru vizuri sana, akapokea kuku wake. Tukatembea njia nzima, yeye amembana kuku kwapani. Tulipofika getini ndipo akasema, "Wamenizika, mama, na mimi nimewashukuru."

Nilitaka kugeuka pale pale nirudi nikawape maneno yao. Ulimi wangu unajulikana usharika mzima, na nusu ya wale wazee wangenikwepa. Baba akanikataza. Aliingia ndani, akala loshoro ya mama, yale mahindi yaliyochanganywa na mtindi, akalimaliza bakuli lote kwa mara ya kwanza tangu augue, akapangusa mdomo. Kisha akapiga simu, akamwita mwalimu wa bendi aje jioni.

Hapa lazima nieleze habari ya korongo. Juu msituni, mwendo mzuri kutoka kwetu, kuna korongo refu lenye mto chini yake. Zamani, baba alipokuwa akiongoza bendi, aliweka sheria kwamba hakuna atakayebeba besi kwenye maandamano kabla sauti yake haijavuka korongo. Mpigaji hupanda na besi yake begani mpaka ukingoni, bila kusaidiwa, kwa sababu kwenye maandamano hakuna wa kumsaidia. Mwalimu wa bendi husimama ng'ambo, kwenye mgongo wa pili wa mlima, ambako kuna njia nyingine. Mpigaji akipuliza na sauti ikafika, mwalimu hupunga kitambaa cheupe. Isipofika, mtu anarudi nyumbani kufanya mazoezi. Fundi wa kuchomelea alipita huko. Mwalimu wa bendi mwenyewe alipita, na alirudishwa nyumbani zaidi ya mara moja.

Jioni ile alikaa sebuleni kwetu, tarumbeta magotini, akasikiliza.

"Kama sijulikani tena kwenye bendi, nipimeni kama mgeni," baba alimwambia. "Ijumaa asubuhi nitakuwa korongoni. Nikishindwa, nitakaa kwenye kiti chenu na soda nitakunywa."

Yule bwana alitazama sakafu, akaitazama ndoo. Niliona wazi kwamba anampenda baba na kwamba anaogopa. Nani angetaka mzee wake amfie msituni siku moja kabla ya harusi ya binti? Lakini sheria ilikuwa ya baba, na angewezaje kumnyima mtu sheria yake mwenyewe? Akasema, sawa, mzee wangu. Mama alikuwa ameshaondoka kwenda jikoni, na sufuria zikaanza kusema kwa niaba yake. Baadaye akatutangazia kutoka huko huko kwamba tukianguka msituni, yeye hana mgongo wa kubeba mtu.

Alhamisi jioni yule fundi alileta besi kwa bodaboda, ameikumbatia kwa mikono miwili. Alikuwa ameing'arisha mpaka nikajiona sura. Nikapunguza chuki.

Ijumaa tukatoka alfajiri. Baba aliifunga besi begani kwa kanga ya mama, mimi nikabeba chupa ya chai, viazi vitamu na koti lake. Mlinzi wa msitu anayemfahamu baba alituuliza kama leo mbega wa msituni wana harusi. Baba akamjibu kwamba wanayo, na yeye amealikwa.

Ndani ya msitu baridi ilikuwa ya kuingia masikioni. Maji yalidondoka kutoka kwenye majani ingawa mvua haikuwa ikinyesha, na njia ilikuwa na utelezi. Hondohondo walipita juu kwa kishindo cha mbawa bila sisi kuwaona. Mahali fulani tulikuta kinyesi cha nyati kikiwa bado kinatoa mvuke, na kuanzia hapo baba akawa anaigonga besi kwa pete yake ya ndoa, nga, nga, nga, ili mwenye mali asikie tunakuja. Alikuwa anatembea vizuri. Alinionyesha mringaringa ambao baba yake aliuegemea akila chakula cha mchana enzi za kukata kuni, na mimi nikausifu mti ule kwa muda mrefu ili nipate kupumzika.

Kisha kilima kikasimama wima. Katikati ya mpando baba alishika mti, akakohoa, akaendelea kukohoa. Midomo ilibadilika rangi. Niliogopa, na sitaki kulipamba neno hilo. Niliona hospitali, niliona ile barakoa ya oksijeni, nilimwona mama amesimama mlangoni. Nikaweka mkono kwenye besi nimpokee turudi. Hakuweza kuongea, lakini aliutoa mkono wangu kidole kimoja kimoja. Akakaa kwenye mzizi. Nikammiminia chai, akanywa kwa mafunda madogo, macho ameyafumba.

"Nangoja pumzi," alisema hatimaye. "Ikija tunakwenda."

Ilichukua muda wake, ikaja. Tukaenda.

Tulipofika ukingoni, nilitazama mbele nikacheka kwa hasira. Korongo lilikuwa limejaa ukungu mpaka juu, mweupe mtupu, na ng'ambo haikuwepo. Zamani watu walipimwa alasiri, wakitoka shambani, ukungu ukiwa umeshapanda. Safari hii tulichagua asubuhi kwa ajili ya daktari na maandalizi ya harusi, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri zaidi. Sisi, tuliozaliwa ndani ya ukungu ule, ambao kila mwezi wa saba tunalalamika kwamba kahawa haikauki, tumekubaliana kwa akili timamu kupungiana kitambaa cheupe.

Baba hakucheka. Aliivaa besi, akalowanisha midomo, akapuliza. Sauti ya kwanza ilikuwa ya ndama aliyenyimwa ziwa. Ya pili ilikuwa na afadhali. Ya tatu ilitoka nzima, nzito, nikaisikia kwenye mbavu zangu kabla ya masikioni, ikaingia kwenye ukungu na kutokomea.

Tukasubiri. Mto tu, chini kabisa.

Akapuliza tena, ndefu zaidi. Kimya. Mimi nikapiga kelele, nikamwita baba mdogo kwa nguvu zangu zote, na sauti yangu ikaanguka pale pale miguuni. Nikamwona baba mabega yakishuka. Alikuwa ameweza, mimi nilikuwa shahidi, lakini binti hawezi kuwa shahidi wa baba yake, na yeye alilijua hilo. Labda kitambaa kilikuwa kinapungwa muda wote ule, labda hakuna aliyesikia kitu. Bila jibu angeshuka kama alivyopanda, mlezi.

Ndipo akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye sheria. Aliachana na ile sauti ndefu ya kupimwa, akaanza kupiga wimbo wa maandamano, ule tunaotoka nao kanisani kila harusi. Aliupiga upande wake tu. Besi peke yake si wimbo, ni hatua: pum, pum, halafu nafasi tupu ambayo wenzake wangeijaza. Pum, pum, na nafasi. Msituni, bila wenzake, ulikuwa mlio wa kusikitisha kuliko yote niliyowahi kuisikia.

Kwenye nafasi ya tatu au ya nne, kutoka ng'ambo, ikaja sauti ya tarumbeta.

Nyembamba, ya juu, mbali sana, lakini haikukosea mahali pa kuingia. Huyu bwana asiyetembea bila tarumbeta lake alikuwa amesimama kule kwenye ukungu na kitambaa chake kisicho na kazi, akaisikia besi, akakitupa, akaingia. Baba hakusita hata kidogo. Waliupiga wimbo wote, beti zote, mmoja huku na mmoja kule, hakuna anayemwona mwenzake, na korongo lote katikati yao likaimba. Mbega wakaanza kunguruma juu ya miti. Mimi nililia na kucheza kwa wakati mmoja, nikakanyaga upupu, nikaendelea kucheza. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, wala siku ya harusi yangu mwenyewe, na mume wangu analijua hilo.

Jumamosi tukashuka mjini mapema, kwa sababu suruali ya sare ya bendi ilikuwa inamdondoka baba. Tulimkuta fundi cherehani kwenye baraza karibu na Soko Kuu, akakubali kuipunguza tukiwa tunangoja. Baba alisimama nyuma ya pazia amejifunga kitenge cha mama, akitoa kichwa nje kumsimamia fundi na kumwambia asiipunguze sana, maana anategemea kunenepa. Mama alikuwa sokoni akininunulia parachichi za kupeleka Dodoma. Nilipomfuata nilimkuta anamsimulia muuzaji habari za korongo. "Tukapuliza mara ya kwanza, kimya," alikuwa anasema. "Tukapuliza tena." Sikumkatiza.

Ibada ya ndoa ilikuwa kanisa la mjini, na baada yake msafara ulikuwa uzunguke mji kabla ya kwenda ukumbini Themi. Pikapu ya bendi ilikuwa inangoja nje. Kiti kilikuwepo, cha plastiki, na kitambaa chake cheupe na utepe wake wa zambarau, kimefungwa kamba kisianguke. Yule fundi wa kuchomelea alimkabidhi baba besi kwa mikono miwili, akachukua ngoma kubwa. Mwalimu wa bendi akatoka kanisani na suti mpya, ua kifuani, macho mekundu, na tarumbeta kwapani. Watu wa kamati walikuwa wanamvuta kuelekea gari la wazazi. Yeye alikuwa anapanda kwenye pikapu kuongoza bendi. Kwa nini aache bendi yake siku kama ile?

Baba, ambaye alikuwa ameshapanda, alimpa mkono akampandisha. Kisha akamgeuza kwa mabega, akamkalisha kwenye kile kiti.

"Leo wewe una binti," alimwambia. "Kaa. Sisi tutakupigia."

Akakaa. Mtu mmoja akamfungulia soda iliyokuwa ya mlezi, akaishika bila kujua ameshika nini, machozi yakimteremka mpaka kwenye ua. Baba akaitazama bendi, akainua nyusi, wakaanza.

Tuliuzunguka Mnara wa Saa mpaka askari wa barabarani akakata tamaa ya kutuhesabia mizunguko. Magari yalipiga honi, bodaboda zikajiunga na msafara bila kualikwa, watalii wakatoa simu zao. Mama alimwambia dereva wa gari tulilopanda asimame, tukateremka wote wawili barabarani, naye akacheza na sare yake ya kitenge. Mama yangu huyo, ambaye kanisani hupiga makofi kwa ncha za vidole, alicheza katikati ya mji wa Arusha, mkoba mkononi, akimwonyesha kila mtu kwa kidole yule mzee wa besi. Kwenye mzunguko wa mwisho yule mwenye kiti alishindwa kuvumilia, akaweka soda chini, akapiga tarumbeta lake akiwa amekaa. Wimbo ulipofika mwisho wote wakaacha, isipokuwa baba. Aliishikilia sauti ya mwisho, akaishikilia, vijana wa bendi wakaanza kucheka na kumshangilia, naye bado anayo. Alipoiachia alinitafuta kwenye umati aone kama nimesikia. Nilikuwa nimesikia. Sina hakika kama kuna mtu mjini ambaye hakusikia.

Usiku hakuna aliyetaja kuirudisha besi kwa yule fundi wa kuchomelea. Nilipanda nayo gari kuelekea nyumbani, imenilalia mapajani kwa uzito wake wote. Tulipofika, baba alikaa kwenye kochi kuvua viatu, akavua kimoja, usingizi ukamchukua na kingine mguuni. Nilikuwa natafuta mahali pa kuiweka besi mama aliponipokea. Yeye asiye na mgongo wa kubeba mtu aliibeba mwenyewe mpaka nyuma ya mlango, akaisukuma ndoo kwa mguu, akaisimamisha besi kwenye duara lake na kuizungusha kidogo mpaka ikakaa sawasawa.

Asubuhi nilipotoka na mabegi yangu kwenda kupanda basi la Dodoma, maharage yalikuwa jikoni.